Vipimo Vyote Safi, Tumbo Bado Linauma

Binti yangu aliumwa tumbo karibu mwaka mzima bila kuwa na ugonjwa. Maumivu alikuwa nayo, tena makali. Ugonjwa hakuwa nao. Mambo hayo mawili yalikuwa hayakai pamoja kichwani mwangu, na najua hayakai vichwani mwa wazazi wengi, ndiyo maana nimekubali kuandika. Nyumba zenye mtoto wa namna hii ni nyingi kuliko tunavyodhani, na karibu kila moja inadhani iko peke yake.

Tunaishi Tanga mjini, Ngamiani. Mimi nashona, hasa sare za shule. Baba yake ni dereva wa lori, leo yuko Moshi, kesho yuko Dar. Binti ni wa pili kati ya watatu, na mambo haya yalipoanza alikuwa darasa la nne. Masika ya mwaka ule alipata tumbo la kuhara, kuhara kwa damu na homa, akalazwa, akawekewa dripu, akapona. Wiki chache baadaye akaanza kusema tumbo linauma. Safari hii hakuhara wala hakutapika, na homa hakuwa nayo. "Linauma hapa," anasema, huku kiganja kinazunguka kitovuni. Linauma asubuhi kabla ya shule, linauma jioni akitoka chuo cha Kurani. Leo linauma akila, kesho linauma hajala. Anajikunja mkekani mpaka jasho linamtoka puani. Baada ya nusu saa ameinuka, yuko nje na wenzake anacheza rede.

Ile rede ndiyo iliyowagawa watu. Waliomwona akikwepa mpira walisema anadeka. Waliomwona mkekani walisema mtoto huyu atakufa mkononi mwako. Mimi nilikuwa nikimwona kote kuwili, na sikuwa na la kuwajibu.

Kila aliyetupenda alikuja na tiba. Mama yangu alisema ni chango. Alimkanda kwa mafuta ya nazi ya vuguvugu, akamchemshia tangawizi. Jirani alileta mwarobaini. Shehe anayemfundisha alituandikia kombe kwa zafarani, nami nilimpa anywe kwa imani, kwa maana dua ya mtu mwema haimdhuru mtoto. Duka la dawa walitupa dawa ya minyoo, na baada ya muda wakatupa nyingine. Kisha tukaanza kuzunguka zahanati na hospitali. Kituo kimoja walisema taifodi, tukapewa sipro. Kingine walisema UTI. Kingine walisema amiba, tukapewa flajili, ambayo ilimwachia ladha ya chuma mdomoni hata chai akaikataa. Kingine walimpima damu wakasema ana bakteria wa vidonda vya tumbo, tukatoka dirishani na mfuko wa dawa uliomeza fedha yote ya safari moja ya baba yake.

Kila jina jipya lilinipa usiku mmoja wa kulala. "Sasa umepatikana," namwambia mume wangu kwenye simu, naye nasikia anavuta pumzi huko aliko. Siku mbili tatu maumivu yanapungua. Halafu asubuhi moja namkuta ameshika tumbo, sare ameshavaa, begi liko mgongoni, machozi yanamtoka bila sauti.

Baadaye nilielewa kwa nini majina yale hupatikana kwa wepesi. Kipimo cha Widal, kinachotumika sana kwetu kutafuta taifodi, ni cha tangu 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani alama zinazobaki katika damu baada ya mwili kupambana na mdudu huyo au wa jamii yake. Mahali ambapo watu wengi wamewahi kukutana na wadudu hao, alama zinaweza kuwepo na ugonjwa usiwepo. Uthibitisho hasa ni kuotesha damu maabara. Na yule bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, ni kweli kwamba Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kazi yao iliyoonyesha kwamba anahusika na vidonda vya tumbo. Lakini barani kwetu watu wengi humpata wakiwa watoto na wakaishi naye bila kidonda chochote. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini uliotolewa 2017 ulishauri kwamba mtoto mwenye maumivu ya aina ya binti yangu asipimwe bakteria huyu. Kipimo kinaweza kusema kweli kuhusu damu ya mtoto na kisiseme lolote kuhusu maumivu yake. Laiti mtu angeniambia hivyo mapema.

Aliyeniambia ni daktari wa watoto, mama mtu mzima, ambaye nilielekezwa kwake na mteja wangu mmoja. Nilikwenda na bahasha nene ya majibu. Aliipokea, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Shikamoo, daktari," binti akasema.

"Marahaba, mwanangu. Njoo ukae hapa karibu yangu. Mama atakaa pale."

Basi nikakaa pale, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari zile, mtoto aliulizwa yeye. Tumbo likianza kuuma unakuwa unafanya nini? Usiku huwa linakuamsha usingizini? (Hapana, akilala amelala.) Haja kubwa unapata kila siku? Ni ngumu? Umewahi kuona damu? Umewahi kuoga ziwani, huko Mwanza, Musoma au Bukoba? Hilo la ziwa lilinishangaza, nikaelezwa kwamba ukanda wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo, na mtoto aliyeogelea kule anaweza kurudi na maumivu ya muda mrefu. Binti hajawahi kufika. Shuleni unapenda nini? "Hadithi. Na rede." Na usichokipenda? Akanyamaza. Daktari naye akanyamaza, akangoja, wala hakumtajia jibu. Mwishowe binti akasema: "Hesabu za kichwa." Kila Jumatatu asubuhi, akaeleza, wanasimama mstari, mwalimu anauliza, anayekosea anachapwa mbele ya wenzake.

Nilikuwa sijawahi kulisikia jambo hilo.

"Na haja kubwa shuleni unakwenda wapi?"

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Milango haina komeo."

Serikali inataka shule iwe na tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijafika hapo. Mtoto wa kike wa miaka kumi anayeogopa kufunguliwa mlango atajizuia tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani. Akizoea kujizuia, choo kinakuwa kigumu, kinajaa, kinamkata tumbo, na akikumbuka uchungu wa kukitoa anajizuia zaidi. Daktari alisema hilo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ya kutazamwa mtoto anapolalamika tumbo miezi na miezi, na ni rahisi kusahaulika kwa sababu hakuna anayependa kuuliza.

Alimpima taratibu, mkono unabonyeza tumbo huku wanazungumza habari za rede. Alitazama macho, kucha, mdomo na viungo. Alimpima uzito na urefu, akatia nukta kwenye mchoro wa ukuaji pamoja na za miaka ya nyuma zilizokuwa kwenye kadi. Nukta zilikuwa zimepanda vizuri. "Mtoto mwenye ugonjwa mkubwa wa utumbo kwa muda wote huu," akaniambia, "mstari wake ungekuwa umeshapinda." Aliagiza vipimo vichache: damu, mkojo, kinyesi, na selimundu. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na ugonjwa huo nao unaweza kujitokeza kwa maumivu ya tumbo. Tulipewa sirapu ya kulainisha choo, na ushauri wa papai, mboga, maji ya kutosha, na kukaa chooni bila kuharakishwa kila baada ya chai ya asubuhi. Maziwa tuliyaondoa kwa muda kuona kama sukari iliyomo ndiyo inayomsumbua. Hapakuwa na tofauti, tukayarudisha.

Choo kilikaa sawa. Maumivu yalipungua kiasi, hayakuisha. Vipimo vyote vikarudi safi.

Nililia mbele ya daktari, na si kwa furaha. Mzazi anayesoma atanielewa. Miezi yote ile nilikuwa nikiomba mwanangu asiwe na ugonjwa, na hapohapo nikiomba wauone, kwa sababu ugonjwa unaoonekana una dawa. Ukiambiwa hakuna kitu, unaona mlango umefungwa. Na zaidi ya hapo nilisikia sauti za wale waliosema anadeka. Nikadhani daktari naye anawaunga mkono.

"Sijasema anasingizia," akaniambia. "Utumbo wake ni mzima. Maumivu anayo. Mtaani kwenu kuna mlinzi wa duka?"

"Yupo."

"Tuseme siku moja duka liliibiwa akiwa zamu. Tangu siku hiyo paka akipita, anapuliza filimbi. Upepo ukitikisa bati, anapuliza. Filimbi ni ya kweli, na mtaa mzima unaamka kweli. Mwizi tu ndiye hayupo. Utamfukuza mlinzi? Utaendelea kutafuta mwizi kila usiku? Huyu mlinzi anahitaji kutulizwa, mpaka ajue tena tofauti ya paka na mwizi."

Wizi wenyewe, kwa binti yangu, ulikuwa ule ugonjwa wa kuhara wa masika. Inajulikana kwamba baada ya maambukizi makali ya utumbo, neva za tumboni zinaweza kubaki kali kwa muda mrefu, zikapeleka habari za maumivu kwa jambo dogo kama gesi, shibe au choo kinachopita. Utumbo una seli zake wenyewe za neva, zaidi ya milioni 100, na zinazungumza na ubongo mchana na usiku kwa njia ya neva kubwa inayoshuka toka ubongoni kupitia shingoni. Sehemu kubwa kabisa ya serotonini ya mwili, ile kemikali ambayo watu huihusisha na furaha na huzuni, iko tumboni. Hofu ya Jumatatu haikuhitaji kutunga uongo ili ifike kwenye tumbo la mtoto. Njia ilikuwepo tayari. Nasi watu wa pwani hatuhitaji kushangaa, maana nani kati yetu hajawahi kuharisha siku ya mtihani?

Hali hii si ngeni kwa madaktari. Mwaka 1958 daktari wa watoto wa Bristol, Uingereza, John Apley, pamoja na mwenzake Nora Naish, walitoa utafiti wa wanafunzi 1,000, wakakuta karibu mmoja katika kila kumi ana maumivu ya tumbo yanayojirudia kiasi cha kumkatisha shughuli zake, na kwamba waliokutwa na ugonjwa ndani ya mwili walikuwa wachache sana. Apley ndiye pia aliyeona kwamba kadiri mtoto anavyoonyesha mahali palipo mbali na kitovu, ndivyo daktari anavyopaswa kutafuta ugonjwa kwa bidii zaidi. Vigezo vya madaktari vilivyotolewa 2016 vinataka maumivu yatokee angalau mara nne kwa mwezi, kwa miezi isiyopungua miwili, na uchunguzi wa kutosha usionyeshe sababu nyingine. Binti yangu aliingia humo bila shaka yoyote.

Basi hapo ndipo nilipopewa tiba, na tiba yenyewe ilinihusu mimi kuliko yeye.

Kwanza nilipewa daftari: saa ngapi limeuma, alikuwa wapi, amekula nini, nini kilikuwa mbele yake. Nikaandika kwa uaminifu. Tulipolifungua pamoja, tuliona Jumapili jioni na Jumatatu zimejaa, Ijumaa mchana hakuna kitu, na likizo ni karibu tupu. Daktari akashukuru, akalifunga. "Sasa usiandike tena," akasema. Nikamuuliza kwa nini, na mimi nilikuwa nimeshalizoea. Akasema kuandika ni kulichungulia tumbo, na tumbo linalochunguliwa halitulii.

Kisha akasema neno lililonitia uchungu. Mtoto asiulizwe tena habari za tumbo. Na mimi nisiulize, na baba yake, na bibi, na majirani. Akisema linauma, nimsikilize, nimwambie nimesikia, nimshike mkono, kisha tuendelee na tulilokuwa tukifanya. Asirudishwe nyumbani kutoka shule. Asipewe kitanda mchana. Asinunuliwe soda kwa ajili ya tumbo.

Nilimwambia kwamba huo ni ukatili. Hakukasirika. Alinieleza utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, wa Lynn Walker na wenzake, ambao baadaye niliutafuta nikausoma mwenyewe. Watoto, wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu na wasio nayo, walinyweshwa maji mengi hata tumbo likajaa na kuwasumbua. Wazazi wengine walifundishwa kumzungumzisha mtoto habari za usumbufu huo kwa huruma. Wengine walifundishwa kumpeleka kwenye mazungumzo mengine. Wengine hawakufundishwa lolote. Watoto walioonewa huruma walilalamika karibu maradufu. Waliopelekwa kwenye mazungumzo mengine, malalamiko yao yalipungua kwa nusu. Kilichonigusa ni hiki: watoto wa kundi hili la pili ndio waliosema wazazi wao waliwafanya wajisikie vizuri zaidi, ilhali wazazi wa watoto wenye maumivu walikuwa na hofu kwamba njia hiyo ndiyo itakayomdhuru mtoto. Mzazi na mtoto waliona jambo lilelile kwa namna mbili zinazopingana. Nilijiona mle ndani kabisa.

Sijilaumu kwa miezi ile ya kuuliza, na daktari alinikataza nisijilaumu. Mama akimwona mtoto anajikunja atauliza, Mungu amemuumba hivyo. Lakini fikiria jinsi mtaa wetu ulivyokuwa. Binti alikuwa akitoka nje, jirani wa kwanza anamwambia, "Tumbo linaendeleaje, mwanangu?" Wa pili, "Leo halijauma?" Chuoni shehe anauliza. Dukani wanauliza. Baba akipiga simu, kabla ya salamu, "Tumbo la mwanangu vipi?" Mtoto alikuwa akisalimiwa tumbo kabla ya kusalimiwa yeye. Kila swali lilimrudisha ndani kutazama kama linauma, na mtu akitazama ndani ya tumbo lake kwa makini hakosi kusikia kitu.

Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba. Wengi walikubali kwa heshima, wakasahau, nikawakumbusha. Mama yangu ndiye aliyekuwa mgumu zaidi, kwa sababu kukanda tumbo lile kulikuwa mapenzi yake yote. Nilirudi kwa daktari kumwombea mama ruhusa, na jibu lake lilinifurahisha. Alisema bibi aendelee, ila abadilishe saa: asimkande tumbo linapouma, amkande kila usiku kabla ya kulala, liume lisiume. Dawa za kunywa zisizojulikana kipimo chake ziachwe. Na wakati wa kukanda amsimulie hadithi, mtoto afumbe macho, avute pumzi ndefu mpaka tumbo lipande, aitoe polepole. Hilo nalo lina ushahidi. Uholanzi mwaka 2007, Arine Vlieger na wenzake waliwatibu watoto wenye maumivu ya tumbo ya muda mrefu kwa kuwaongoza wapumzike na kuona picha za utulivu mawazoni. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 85 ya watoto hao walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa, na kati ya waliopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 25. Sisi hatukuwa na mtaalamu wa kufanya hivyo. Tulikuwa na bibi, mafuta ya nazi na hadithi za sungura, na sidai kwamba ni kitu kimoja. Nasema tu kwamba mtoto alianza kulala mapema, mkono wa bibi ukiwa kitovuni, na hadithi mara nyingi ilibaki njiani.

Mume wangu alijifunza kuanza simu na mambo mengine. Mwanzoni alikuwa anakwama, nasikia kimya, kisha anauliza, "Leo rede mmeshinda?" Simu zao zikawa ndefu.

Shuleni nilikwenda na barua ya daktari. Mwalimu wa darasa alikuwa mwelewa. Tulikubaliana kwamba maumivu yakizidi binti atatoka bila kuomba mbele ya wote, atakaa ofisini dakika kumi, kisha atarudi darasani. Kurudi nyumbani hapana. Alipewa pia ruhusa ya choo cha walimu. Kuhusu fimbo za Jumatatu nilizungumza na mwalimu mkuu, mlango umefungwa, kwa adabu lakini bila kumung'unya. Zile hesabu zikaanza kufanywa kwa maandishi. Sijui kama ni kwa ajili yangu au kuna wazazi wengine waliosema. Ninachojua ni kwamba hakuwa mwanangu peke yake aliyekuwa akiamka Jumatatu na tumbo.

Wiki za kwanza zilikuwa mbaya. Alilia zaidi, akaniambia simpendi tena. Asubuhi moja nilimsindikiza mpaka getini akiwa ameinama, nikarudi nyumbani nikakaa kwenye cherehani bila kushona. Niliogopa kwamba labda wote tumekosea, labda kuna kitu. Daktari alikuwa ameniambia mambo ambayo yakitokea nimrudishe mara moja, na kila nilipotetereka niliyapitia kichwani, sikuona hata moja, nikasimama.

Mabadiliko yalikuja bila kutangaza. Nilikuja kutambua kwamba jioni ile imepita na sikusikia neno tumbo. Jumapili zikaanza kuwa Jumapili. Alipolalamika, nilimwomba anipangie vifungo vya mashati kwa rangi, au anisomee hadithi huku nashona, na kabla vifungo havijaisha alikuwa ameshaanza kunieleza ugomvi wa wenzake. Ramadhani ilipofika alitaka kufunga. Mwaka uliotangulia nisingethubutu. Nilimwacha ajaribu nusu siku, akamaliza, akajaribu tena. Wa kwanza kuacha hofu alikuwa yeye, mimi nikafuata.

Sasa yuko darasa la sita. Tumbo halijaondoka kabisa duniani. Mtihani ukikaribia humkumbusha, naye huvuta pumzi zake na kuendelea na kazi. Hanywi dawa yoyote. Ile bahasha nene iko kabatini, sijaiongezea karatasi.

Mzazi mwenzangu, usichukue haya kama ruhusa ya kupuuza. Mambo niliyopewa niyachunge ni haya, na ukiliona lolote mpeleke mtoto hospitali bila kungoja: maumivu yanayomwamsha usingizini, au yanayokaa mbali na kitovu, hasa chini upande wa kulia, kupungua uzito au kuacha kukua, damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kutapika kusikokoma au matapishi ya kijani, homa isiyoeleweka, macho ya manjano, maumivu wakati wa kukojoa, viungo kuvimba, tumbo gumu lililojaa. Mtoto wa namna hiyo ana jambo linalohitaji kutafutwa. Na asiye na hata moja kati ya hayo bado anastahili kuchunguzwa vizuri, na daktari mmoja anayemjua, badala ya vituo vingi ambavyo kila kimoja kinaanza upya.

Akishaonekana mzima, mwamini kwamba anaumwa, na mrudishe shuleni. Usimwite mwongo, na usikubali aitwe hivyo mbele yako. Walimu, mpeni dakika kumi za kukaa kivulini kisha mpokeeni tena darasani. Wenye shule, tieni makomeo kwenye milango ya vyoo vya watoto.